Kliniki ya Wajawazito: Kuanza Ni Jambo Moja, Kurudi Ni Jingine

Tafiti zinazoeleza kwa nini wajawazito katika nchi zinazoendelea hawatumii ipasavyo huduma za kliniki hukaribiana sana katika majibu yake. Elimu ya mama hutajwa kwanza, kisha kipato cha kaya, umbali wa kituo, idadi ya watoto aliokwisha kuzaa, kauli ya mume, imani za jamii na, mwishoni kabisa, mara nyingi kwa aya moja tu, mwenendo wa watoa huduma. Orodha hiyo haina uongo, kwani kila kipengele chake kimepimwa mara nyingi na katika nchi nyingi. Kasoro yake ni kwamba inajibu maswali mawili kana kwamba ni moja. Swali la kwanza ni kwa nini mwanamke anachelewa kuanza kliniki. La pili ni kwa nini aliyekwisha kuanza harudi. Majibu ya swali la kwanza yako zaidi nyumbani na katika jamii, ya pili yako zaidi ndani ya kituo chenyewe, na serikali inayoyachanganya hujikuta ikitumia fedha za kampeni kutatua tatizo la foleni.

Takwimu zenyewe zinadai utofautishaji huo. Duniani, karibu wajawazito tisa kati ya kumi humwona mtaalamu wa afya angalau mara moja kabla ya kujifungua, lakini wanaofikisha mara nne ni takriban theluthi mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16 ulilianika pengo hilo waziwazi: asilimia 98 ya wanawake walikuwa wamefika kliniki walau mara moja katika ujauzito wao wa karibuni, asilimia 51 walikuwa wamefika mara nne au zaidi, na asilimia 24 pekee ndio walioanza katika miezi mitatu ya kwanza. Nchini Kenya, mwaka 2014, waliofikisha mara nne walikuwa asilimia 58, ingawa zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamepata huduma hiyo walau mara moja. Zipo nchi, hasa zilizochakazwa na vita kama Somalia, ambako hata hudhurio la kwanza bado ni la wachache, na huko mjadala ni mwingine kabisa. Lakini mahali ambako karibu kila mwanamke anafika mara moja, maelezo kwamba wanawake hawajui umuhimu wa kliniki hayasimami. Asiyejua umuhimu wa kitu hafungi safari ya kukifuata.

Tofauti kati ya kuchelewa na kutorudi ina uzito wa kitabibu pia. Kaswende ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Ikigunduliwa mwezi wa nane, huenda mtoto amekwisha kudhurika. Vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki vinatakiwa kumezwa kila siku kwa miezi, si kwa wiki tatu za mwisho. Katika maeneo ya Afrika yenye malaria, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dozi tatu za SP, dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito, kuanzia muhula wa pili wa ujauzito, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, na anayeanza kliniki mwezi wa nane hana tena nafasi ya kuzikamilisha kwa utulivu. Umri wa mimba nao hukadiriwa vizuri zaidi kwa altrasaundi inayofanywa kabla ya wiki ya 24. Hizo zote ni faida za kuanza mapema. Kifafa cha mimba kina kanuni tofauti: dalili zake hujitokeza baada ya wiki ya 20, mara nyingi katika miezi ya mwisho, na aliyepimwa vizuri mwezi wa tatu lakini hakurudi hana kinga yoyote dhidi yake, kwa kuwa hugunduliwa kwa kupimwa shinikizo la damu na protini kwenye mkojo tena na tena. Mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 duniani walifariki kutokana na ujauzito na uzazi, takriban asilimia 70 kati yao wakiwa Afrika Kusini mwa Sahara, na shinikizo la damu la ujauzito ni miongoni mwa sababu zinazoongoza pamoja na kutokwa damu nyingi. Kliniki haiwezi kuzuia kila kifo cha uzazi, na anayedai hivyo anaahidi kupita kiasi. Kutokwa damu baada ya kujifungua hutegemea zaidi kilichopo kwenye chumba cha kujifungulia. Hata hivyo, yale ambayo kliniki inaweza kuyazuia yana kalenda yake.

Kwa nini basi mwanamke anachelewa? Kwanza, huenda hana hakika. Mama anayenyonyesha, ambaye hedhi yake haijarejea kwenye mpangilio, anaweza kufika mwezi wa nne akidhani mwili umechoka tu. Aliye na hakika naye ana sababu ya kunyamaza. Katika jamii nyingi za mabara tofauti mimba changa haitangazwi, iwe kwa hofu ya kuharibika, kwa hofu ya macho ya watu, au kwa sababu tu si adabu kuzungumzia kitu ambacho bado hakijatulia. Kwenda kliniki ni kutangaza: ni kuonekana kwenye benchi ambalo kila apitaye anajua linakaliwa na nani. Msichana asiyeolewa ambaye yuko shuleni ana mengi zaidi ya kupoteza kwa kuonekana hapo, na ndiyo maana wasichana wadogo, ambao miili yao ina hatari kubwa zaidi, huwa miongoni mwa wanaochelewa kuliko wote. Ripoti hupenda kuuita usiri huu imani potofu. Mimi nauona kuwa tahadhari yenye mantiki ya mtu anayeishi mahali ambapo mimba iliyoharibika hugeuka kuwa kesi ya kumjadili yeye.

Mama mwenye watoto wanne ana mantiki yake pia. Karibu kila utafiti unakuta kwamba kadiri idadi ya watoto inavyoongezeka ndivyo mahudhurio yanavyopungua, na tafsiri ya kawaida ni kwamba mama huyo amejiaminisha kupita kiasi. Huenda ni kweli. Lakini mama huyo pia amekwisha kufika kliniki mara kadhaa katika mimba zilizopita na anajua alichokipata huko. Ana watoto wa kuwaachia mtu, ana kazi isiyo na likizo, na anajua kwamba mara zote alipimwa uzito, akaambiwa maendeleo ni mazuri, akarudishwa nyumbani. Kwake mimba si ugonjwa, na kituo cha afya ni mahali pa wagonjwa. Kinachomleta hatimaye, mwezi wa sita au wa saba, mara nyingi ni kadi. Anajua kwamba uchungu ukimshika, akafika wodi ya wazazi bila kadi ya kliniki, atapokewa kwa maswali na kwa sauti ya juu. Hudhurio moja linatosha kuipata. Wapo hata waliojaribu kuwahi wakaambiwa na muuguzi mwenyewe warudi tumbo likianza kuonekana, jambo ambalo watafiti wamelikuta katika zaidi ya nchi moja ya Afrika. Mwanamke wa namna hiyo huandikwa kwenye takwimu kuwa alichelewa.

Elimu ya mama inastahili kutazamwa kwa makini zaidi kwa sababu ndiyo inayotajwa kwa kujiamini zaidi. Ni kweli kwamba mwanamke aliyesoma sekondari ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuanza mapema na kurudi kuliko ambaye hakusoma, na uhusiano huo unaonekana hata watafiti wanapojaribu kuondoa athari ya kipato. Lakini shule hubeba mambo mengi kwa pamoja. Aliyesoma zaidi kwa kawaida ameolewa akiwa mkubwa zaidi, anaishi karibu na mji, ameolewa na mwanamume ambaye naye amesoma, na ana kiasi fulani cha fedha asichohitaji kuombea ruhusa. Isitoshe, muuguzi humsikiliza. Hili halimo kwenye madodoso, ila yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ya hospitali ya umma amelishuhudia: mgonjwa anayeongea lugha ya ofisini hujibiwa kwa maelezo, na asiyeijua huelekezwa kwa kidole. Ikiwa sehemu ya nguvu ya elimu inatokana na jinsi kituo kinavyowapokea waliosoma, basi kumhubiria asiyesoma kuhusu umuhimu wa kliniki hakutampa kile ambacho mwenzake anakipata. Miaka kumi ya shule haiwezi kufidiwa kwa semina ya saa moja wala kwa bango ukutani, na kwa bahati mbaya pendekezo la "elimu zaidi itolewe kwa wajawazito" ndilo rahisi kuliko yote kuandikwa mwishoni mwa ripoti, kwa kuwa halimgusi mwajiriwa yeyote wa serikali.

Kuhusu fedha, mengi yamefanyika na mengi yamebaki. Sierra Leone ilifuta ada za matibabu kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka mitano mwezi Aprili 2010. Kenya ilifuta ada za kujifungua katika vituo vya umma mwezi Juni 2013. Hatua za aina hii huleta watu. Lakini ada iliyofutwa ni ile iliyoandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nauli haikufutwa, wala mapato ya siku iliyopotea, wala vipimo ambavyo kituo hakina vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, na hivyo mama huelekezwa maabara ya mtaani, wala dawa zilizoisha ambazo ataandikiwa akanunue dukani. Mwanamke anayepiga hesabu zake vizuri, akijua kwamba kila safari ina gharama asiyoweza kuikadiria, atapunguza idadi ya safari, na njia rahisi ya kuzipunguza ni kuchelewa kuanza. Kwa hiyo umaskini huathiri kuanza na kurudi pia, ila kwa njia ambayo tangazo la "huduma ni bure" haliifikii. Umbali huingia katika hesabu hiyohiyo. Kilomita sita wakati wa kiangazi si kilomita sita wakati wa masika, na ramani ya wizara haina misimu.

Suala la mume linaonyesha vizuri jinsi nia njema inavyoweza kuzaa kizuizi kipya. Ili kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, nchi kadhaa zilianza kuhimiza wanaume wafike na wake zao katika hudhurio la kwanza ili wapimwe pamoja. Wazo lenyewe ni zuri, na pale wanaume wanapoitikia kwa hiari, manufaa yake ni ya wazi. Lakini himizo lilipofika vituoni liligeuka sharti. Watafiti waliozungumza na wanawake nchini Tanzania, kwa mfano, wamesimuliwa habari za wajawazito kurudishwa nyumbani kwa sababu wamekuja peke yao, na za wengine kutakiwa kuleta barua ya kiongozi wa mtaa au kijiji kuthibitisha kwamba hawana mwenzi au kwamba mwenzi amesafiri. Hebu tulitazame jambo hili kwa karibu. Mwanamke ambaye mimba yake imekataliwa na mwanamume, na ambaye kwa sababu hiyohiyo anahitaji msaada kuliko wengine, anatumwa kwenda kumweleza mwenyekiti, mbele ya yeyote aliyeketi ofisini kwake, kwamba mtoto aliyembeba hana baba wa kumsindikiza. Wakati huohuo wanaofika na waume zao hupewa nafasi ya mbele kwenye foleni kama zawadi, yaani aliyekuja peke yake anaadhibiwa mara ya pili. Hakuna mwongozo wowote wa kitabibu unaodai haya. Mtu anayerudishwa hivyo ataonekana kwenye daftari, miezi miwili baadaye, kama mama aliyechelewa, na sababu ya kuchelewa haitaandikwa popote.

Hapo ndipo swali la pili, la kurudi, linapoanza, kwa sababu hudhurio la kwanza ndilo linalomfundisha mwanamke kama kuna haja ya la pili. Ratiba yake ya kawaida katika kituo kidogo inafahamika. Anafika asubuhi na mapema kwa kuwa ameambiwa wanaochelewa hawapokewi. Somo la pamoja huanza pindi benchi linapojaa. Anapimwa uzito na urefu mbele ya wenzake, anachukuliwa damu kwenye kidole, anasubiri majibu, anaitwa ndani, anapanda kitandani, tumbo linapapaswa, kimo cha mimba kinapimwa kwa utepe, kadi inaandikwa. Muda aliokaa na mkunga hauzidi dakika kumi. Muda aliokaa akisubiri ni nusu siku. Ikiwa mashine ya shinikizo la damu ilikuwa mbovu, nafasi yake kwenye kadi itabaki wazi au, vibaya zaidi, itajazwa namba inayofanana na ya mwenzake aliyetangulia. Akiuliza swali atajibiwa kwa haraka, kwani nje wako thelathini, na mkunga ni huyohuyo atakayeitwa endapo mzazi ataletwa. Simlaumu mkunga huyo kirahisi. Mtu mmoja anayefanya kazi ya watu watatu hawezi kuwa mpole hadi saa tisa alasiri. Lakini matusi, dharau na kukaripiwa kwa kuzaa mapema mno au mara nyingi mno ni jambo jingine, na Shirika la Afya Duniani lililitolea tamko mwaka 2014, likitaka unyanyasaji wa wanawake wanaojifungua katika vituo vya afya ukomeshwe. Aliyekaripiwa leo hasahau tarehe aliyopangiwa. Anaamua kutoikumbuka.

Mtu anaweza kuuliza: je, tukiboresha kituo, wanawake watarudi? Rwanda ilitoa jibu lisilo rahisi. Ilipoanza kuvilipa vituo kulingana na kazi vilizofanya, watathmini walilinganisha maeneo yaliyoanza mapema na yaliyosubiri, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kujifungulia kituoni kuliongezeka kwa asilimia 23 na ubora wa huduma za wajawazito uliongezeka, lakini idadi ya wanawake waliokamilisha mahudhurio manne haikubadilika. Matokeo hayo yananizuia kudai kwamba tatizo lote liko kituoni. Jinsi ninavyoyasoma ni hivi: kufikisha mahudhurio manne ndani ya ujauzito mmoja kunategemea mno tarehe ya la kwanza, na tarehe hiyo muuguzi haipangi yeye, hata alipwe vizuri namna gani. Anayefika mwezi wa saba anaweza kupokewa kwa tabasamu na vipimo kamili, na bado asifikishe manne.

Kwa upande wa kuanza, kilichoonyesha matumaini hakikutoka wodini. Huko Makwanpur, Nepali, watafiti waliwaunga mkono wanawake wa vijijini kukutana katika vikundi kila mwezi, wakiongozwa na mwanamke wa hapohapo ambaye hakuwa mtaalamu wa afya, kujadili matatizo ya ujauzito na uzazi na kuamua wenyewe wafanye nini kuyahusu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa asilimia 30 ukilinganisha na maeneo yasiyo na vikundi, na wanawake wa maeneo hayo walihudhuria kliniki zaidi. Ninachokiona cha maana hapo ni kwamba hakuna aliyewaamuru kutangaza mimba zao hadharani. Mazungumzo yenyewe yaliifanya mimba kuwa jambo linaloweza kusemwa, kwanza kati ya wenye siri moja. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeaminika, anayeweza kupita nyumbani bila kuandamana na benchi na macho ya watu, hufanya kazi inayofanana na hiyo, mradi asije na daftari la kuhesabu waliokosa tu.

Mjadala huu umepata uharaka mpya tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani lilipobadili mwongozo wake. Ule wa awali, wa mwaka 2002, uliridhika na mahudhurio manne yenye malengo mahususi. Huu mpya unataka mikutano minane kati ya mama na mtoa huduma, ya kwanza ndani ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Sababu haikuwa tamaa ya namba. Uchambuzi wa baadaye wa majaribio yaliyounga mkono mahudhurio machache ulidokeza kwamba vifo vya watoto walio tumboni viliongezeka, hasa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na ndiyo maana mikutano mitano kati ya minane imewekwa katika miezi mitatu ya mwisho. Lakini ukiitazama ratiba hiyo kwa macho ya mama anayeanza wiki ya 26, amebakiwa na sita, na kati ya hiyo mitano ni ya kurudi kila baada ya wiki nne, kisha kila baada ya mbili, mwili ukiwa mzito na safari ikiwa ngumu kuliko wakati mwingine wowote. Kumdai safari hizo wakati kituo hakina hata vipande vya kupimia protini kwenye mkojo ni kumwomba alipe mara mbili kwa kitu ambacho hakipo, maana safari za mwisho ziliongezwa kwa sababu ya vipimo hivyohivyo.

Wizara nyingi bado zinapima mafanikio kwa asilimia ya waliofikisha namba fulani, nne hapo awali na sasa nane, na namba hiyo moja huficha kilichoshindikana. Wilaya yenye wanawake wanaoanza mapema na kutoweka baada ya hudhurio la pili, na wilaya yenye wanawake wanaoanza mwezi wa saba na kurudi kila walipopangiwa, zinaweza kuonekana sawa kwenye ripoti ilhali moja inahitaji wakunga na vitendanishi, na nyingine inahitaji watu wa kupita majumbani. Data za kuzitofautisha zipo tayari. Kila daftari la kliniki lina tarehe ya hudhurio la kwanza, umri wa mimba siku hiyo, na tarehe ambayo mama aliambiwa arudi. Mtu mwenye kalamu na mchana mmoja anaweza kuhesabu, kwa kituo chake, wanawake wanaanza wiki ya ngapi na wangapi hawakuonekana tena ndani ya wiki mbili za tarehe waliyopangiwa, kisha kuwapigia simu wale ambao namba zao zimeandikwa na kuwauliza kilichotokea siku ile ya kwanza.